TV Game ya Mtaani: Kweli Ngapi, Uongo Ngapi?

Kama ulikulia Meru au Embu miaka ya 1990 au mwanzoni mwa 2000, kisanduku hicho unakijua hata kama hakikuwa kwenu. Plastiki nyepesi, padi mbili za waya mfupi, bunduki moja, na kaseti ya manjano yenye picha ya mwanajeshi, Mario na mtu wa kung fu wakiwa wamebanana. Kilifika nyumbani baada ya bonasi ya majani chai, au kililetwa na binamu wa Nairobi likizo ya Desemba, na tangu siku hiyo watoto wa majirani wakajua vizuri saa mnayomaliza kula.

Kitu kimoja tu hakikuja nacho: maelezo. Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, kama ilikuwepo, ilikuwa na Kiingereza cha kubahatisha na michoro miwili. Basi kila mtaa, kuanzia Makutano hadi Runyenjes, ukajitungia maelezo yake ya mdomo: fanya hivi, usithubutu vile, na kuna jamaa wa Chuka alifanya akafika mwisho. Nimeyachukua madai hayo nikayapima moja moja. Naonya mapema kwamba wazazi wametoka na alama nzuri kuliko sisi watoto.

"Yetu ilikuwa Nintendo halisi."

UONGO, karibu kila mara.

Nintendo ni kampuni ya Kyoto, Japani, iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. (Ndiyo, karata za kuchezea. Hilo nalo huwa linabishaniwa, na ni la kweli.) Tarehe 15 Julai 1983 ilitoa mashine ya nyumbani iitwayo Family Computer, ambayo Wajapani waliikatiza ikawa Famicom. Kikosi kilichoibuni kiliongozwa na mhandisi Masayuki Uemura, na bei yake ilikuwa yen 14,800. Mwaka 1985 ikaanza kuuzwa Marekani, ikiwa na umbo jingine na jina jingine, Nintendo Entertainment System. Ukijumlisha zote, ziliuzwa karibu milioni 62.

Iliyopanda matatu kuja kwetu kwa kawaida ilikuwa nakala yake. Famicom ya Kijapani haikuwekewa chipu ya kufuli, ile ya kukataa kaseti ambazo Nintendo haikuziidhinisha. Kufuli hiyo iliongezwa kwenye toleo la Marekani. Ubongo wake nao ulikuwa wa ukoo wa 6502, ambao mafundi wa dunia nzima waliujua, kwa maana ulitumika hata kwenye kompyuta ya Apple II. Viwanda vya Taiwan, kisha vya China, viliichambua mashine, vikainakili, na hatimaye vikakusanya karibu kila kitu ndani ya chipu moja. Ukitaka ushahidi, chukua bisibisi ufungue ile ya kwenu. Utakuta ubao mdogo, nyaya chache, na katikati tone jeusi la gundi ngumu. Chini ya tone hilo ndiko mashine yenyewe ilipo. Sehemu kubwa ya kisanduku kilichobaki ni hewa.

Hatukuwa peke yetu. Warusi walikuwa na nakala yao iitwayo Dendy tangu 1992, Wapolandi walikuwa na Pegasus, na Afrika Kusini kulikuwa na Golden China. Nyingine zilivishwa gamba la Sega Mega Drive au PlayStation, ndiyo maana kuna watu wazima leo wanaoapa kwamba kwao kulikuwa na Sega, ilhali walikuwa wakicheza Mario, ambaye enzi hizo Sega isingemruhusu hata mlangoni.

Kuna moja ninayoipenda zaidi. Nakala zilizotamba China zilikuwa za kampuni ya Subor, iliyoongozwa na Duan Yongping. Mwaka 1995 aliondoka akaanzisha BBK, na kutoka ukoo huo zikazaliwa Oppo na Vivo. Kwa hiyo aliyekuuzia simu ya Oppo mjini Embu juzi alikuuzia mjukuu wa TV game.

"Kaseti ikigoma, ipulize."

UONGO. Lakini ninaelewa kwa nini utabisha.

Utabisha kwa sababu ulipuliza na ikawaka. Gemu ilikuwa inaonyesha vipande vya rangi vinavyotetemeka, ukachomoa kaseti, ukaiweka mdomoni kama filimbi, ukapuliza kutoka kushoto hadi kulia, ukarudisha, na Mario huyo hapo. Ushahidi gani tena unahitajika?

Tazama upya ulichofanya. Kwenye ukingo wa ubao wa kaseti kuna vidole vidogo vya shaba vilivyopakwa metali, jumla 60 kwa kaseti za aina ya Famicom. Ndani ya mashine kuna meno ya chuma yanayobana vidole hivyo. Kidole kimoja kikikosa kugusana na jino lake, data inaingia na pengo, na picha inavurugika. Kila unapochomoa na kurudisha, meno yanakwaruza vidole, yanaondoa kautando ka uchafu, na kaseti inakaa mahali tofauti kwa unywele mmoja. Kilichoiponya ni hicho. Pumzi ilikuwa imepanda gari la bure.

Tena haikupanda mikono mitupu. Pumzi ina unyevu, na unyevu kwenye metali huleta kutu. Nintendo yenyewe iliwaonya wateja wasipulize. Mmarekani mmoja mpenzi wa mashine hizi alichukua nakala mbili za gemu ya Gyromite, moja akaipuliza kila siku kwa mwezi mzima, nyingine akaiacha. Iliyopulizwa ilibadilika rangi kwenye vidole vyake. Kaseti mbili si utafiti wa maabara, nakubali, lakini jibu lake linalingana na kemia ya kidato cha pili.

Watu wa Mbeere wana utetezi ambao siwezi kuupuuza: vumbi. Kule chini Kiritiri na Siakago, kiangazi kikikolea, vumbi jekundu linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa, na kupuliza kutoka mbali kungeweza kulitoa. Sawa. Ila hakuna aliyepuliza kutoka mbali. Dawa ni kipande cha pamba na spiriti ya dukani, ufute vidole vya kaseti, usubiri vikauke. Wale waliosugua kwa kifutio cha penseli walikuwa karibu na ukweli kuliko wapulizaji, mradi walipangusa makombo kabla ya kurudisha.

"Kaseti hii ina gemu 9,999,999."

UONGO mtupu, na hesabu inatosha. Ungecheza kila gemu kwa dakika moja tu, bila kulala wala kwenda shule, ungemaliza baada ya miaka 19. Gemu zote rasmi zilizowahi kutolewa kwa Famicom ni elfu moja na ushei. Kilichokuwa ndani ya kaseti ni gemu chache zilizorudiwa kwa majina mapya: Mario ya namba 1 inaanzia mwanzo, ya namba 47 inaanzia hatua ya tatu, ya namba 312 imebadilishwa rangi. Ulikuwa unajua. Sote tulijua baada ya ukurasa wa pili, tukaendelea kubonyeza tu.

"Kuna mtu alimpiga risasi yule mbwa."

UONGO, kama anasema ni nyumbani.

Mbwa wa Duck Hunt, yule anayeibuka majanini kukucheka ukikosa bata, amewatia hasira watoto wa mabara yote. Kila mtaa ulikuwa na binamu aliyemmaliza kwa mbinu ya siri. Toleo la nyumbani, la mwaka 1984, halina mbinu hiyo: risasi zako hazimfikii kwa sababu programu haiulizi kama umemlenga. Ila kulikuwa na toleo la mashine kubwa za kuchezea kwa sarafu, Vs. Duck Hunt, na humo kwenye hatua ya ziada mbwa hupigika kweli, kisha hutokea amefungwa bandeji akikulalamikia. Binamu angekuwa amekaa Japani au Marekani miaka hiyo ningemwamini. Wa kwetu alikuwa amekaa Umoja, Nairobi.

Na kuna dai ambalo lilionekana la kijinga likawa la KWELI: kwamba mwenye padi anaweza kumwongoza bata wakati mwenzake ana bunduki. Katika mchezo wa kwanza wa Duck Hunt, ule wa bata mmoja mmoja, anaweza. Kama kakako mkubwa alikukosesha bata mchana kutwa huku akisema hagusi kitu, sasa unajua.

"Ukilenga balbu, bunduki inaua kila kitu."

UONGO, na sababu yake ni ya werevu mkubwa.

Wengi walidhani bunduki hutoa kitu kinachopiga skrini. Mambo ni kinyume: bunduki haitoi chochote, inapokea. Mdomoni mwake kuna lenzi na kijicho cha kuhisi mwanga. Unapovuta kichocheo, kompyuta huifanya skrini nzima kuwa nyeusi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha huchora mraba mweupe mahali alipo bata. Bunduki ikiona giza halafu mwanga, umepata. Ikiona mwanga hata wakati skrini ni nyeusi, programu inajua kwamba umeelekea dirishani au kwenye balbu, na inakunyima. Mtu aliyebuni hilo alikuwa amewajua watoto.

Ndiyo maana pia bunduki ilifanya kazi bila shida kwenye zile runinga ndogo za Greatwall zisizo na rangi: inatafuta mwanga, rangi haina haja nayo. Na ndiyo maana haifanyi kazi kwenye runinga bapa ya leo. Runinga ya zamani yenye mgongo ilichora picha mstari kwa mstari papo hapo. Ya kisasa huipokea picha, huikarabati kwanza, kisha huionyesha imechelewa kidogo, na huo mraba mweupe unapotokea kompyuta imeshaacha kuungoja. Bunduki yako haijaharibika. Usimsumbue fundi.

"Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A."

KWELI.

Hii ni alama yetu watoto. Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami alikuwa akiihamishia gemu ya Gradius kwenye Famicom, ikatoka 1986. Ilikuwa ngumu mno kwake kuijaribu, akajiwekea njia ya mkato ya vibonyezo, kisha ikabaki humo gemu ilipouzwa. Kwenye Contra ya mwaka 1988 mkato huohuo ulitoa maisha 30. Ulivuka Pasifiki, ukavuka Bahari ya Hindi, ukapanda hadi Maua bila mtandao wowote, kwa midomo ya watoto, na herufi hazikubadilika. Hashimoto alifariki mwaka 2020.

Mbili nyingine za haraka, zote KWELI. Mawingu na vichaka vya Super Mario Bros. ni mchoro uleule mmoja, juu umepakwa nyeupe, chini kijani. Wabunifu walikuwa wanabana nafasi: gemu nzima ya mwaka 1985 ina kilobaiti 40, ambazo hazifiki hata picha moja ya harusi unayotumiwa kwa WhatsApp. Na ile dunia ya siri inayoitwa -1, unayoifikia kwa kupenya ukuta mwishoni mwa hatua ya 1-2, ipo. Hakuna hazina humo. Ni kosa la programu: bomba linasoma namba isiyo yake, na kwenye toleo la kaseti unaogelea majini, unafika mwisho, unarudishwa mwanzo, milele.

"Gemu inakula stima."

UONGO. Hapa baba alikosea, ingawa hasira yake ilikuwa halali.

Kisanduku chenyewe hutumia chini ya wati 10. Runinga ndogo isiyo ya rangi hutumia mara kadhaa ya hapo, ya rangi zaidi, na pasi hupita wati 1,000. Ukipiga pasi sare mbili za shule umetumia umeme ambao ungeendesha kisanduku peke yake jioni kadhaa.

Lakini nyumba nyingi hazikuwa na stima, na hapo mambo hubadilika. Runinga ilikuwa inaendeshwa kwa betri ya gari, ambayo ilipelekwa sokoni kuchajiwa kwa pesa, ikirudi imefungwa nyuma ya baiskeli huku asidi ikitishia suruali ya mwenye baiskeli. Watoto wakicheza kwa saa nne mchana, kinachomaliza betri ni runinga, si gemu, ila bila gemu runinga isingewashwa. Taarifa ya habari ya saa moja usiku ikifika, picha imejikunja katikati ya kioo. Baba hakuhitaji kujua wati ni nini.

Kejeli ni kwamba hayo yalitokea hata Mbeere, ambako mto Tana unapita na mabwawa ya Seven Forks yalijengwa moja baada ya jingine: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225. Nyaya za umeme zilipita juu ya boma zikielekea Nairobi, na chini yake mtu anasukuma baiskeli yenye betri.

"Gemu inaua runinga."

UONGO kwa nyumbani, KWELI kwingineko. Kioo cha runinga ya zamani kimepakwa unga unaong'aa, na picha isiyosogea ikikaa hapo kwa muda mrefu sana huacha kovu. Mashine za sarafu zilizoonyesha gemu moja mchana na usiku kwa miaka zilipata makovu hayo, na Nintendo iliwakataza wateja wake kuunganisha mashine kwenye runinga za projekta. Kwa nyumba iliyocheza Contra, Mario na Bomberman kwa zamu, kisha ikatazama habari, hatari hiyo ni ndogo mno. Nikilazimishwa kutaja muuaji, nitataja kile kitendo cha kuchomoa waya wa antena na kuchomeka wa gemu mara sita kwa siku, kwa nguvu, na mtu asiye na subira.

"Ipumzisheni, imepata moto."

KWELI, mama. KWELI kabisa.

Ndani ya visanduku vingi mna kipande kidogo cha miguu mitatu, fundi wa redio anakijua kwa namba 7805. Kazi yake ni kuteremsha volti zinazoingia ziwe 5, na zile zinazozidi hugeuka joto tu. Adapta ya volti 9 humpa kazi ya kumwaga volti 4. Wajanja waliounganisha kisanduku moja kwa moja na betri ya volti 12 walimpa kazi ya kumwaga 7, na kwenye nakala za bei rahisi bati la kumpooza lilikuwa dogo au halikuwepo. Joto likizidi, gemu inaganda Mario akiwa hewani. Ilikuwa rahisi kudhani mama anatafuta kisingizio tu cha kuwatoa sebuleni. Labda alikuwa anatafuta, lakini 7805 ilimuunga mkono.

Adapta nayo huendelea kupata joto ikiwa ukutani hata kisanduku kikiwa kimezimwa. Chomoa.

"Mvua ikianza kunguruma, chomoa kila kitu."

KWELI, na hapa sina mzaha.

Miteremko ya Mlima Kenya hupata ngurumo za kutosha Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba. Antena za enzi hizo zilifungwa juu ya mti mrefu wa mkaratusi ili kunasa mawimbi, na hakuna mwaliko mzuri zaidi kwa radi. Haihitaji kupiga nyumba yenu; ikipiga laini ya stima mbali kidogo, msukumo wake husafiri kwa waya hadi sebuleni. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu umeme wa nguvu hiyo huruka pengo la swichi. Kuchomoa plagi na waya wa antena ndiko kunakofaa, na kufanywe mapema, kabla ngurumo hazijafika juu ya paa. Bibi aliyesema hivyo hakukosea hata neno. Aliyeongeza kwamba vioo vifunikwe na shuka nitamwacha apite, kwa heshima tu. Kioo hakiiti radi.

"Ukikaa karibu utapofuka."

UONGO, ila kuna kiini.

Hofu hii ina mzizi wa kweli: mwaka 1967 kampuni ya General Electric ya Marekani iligundua kwamba baadhi ya runinga zake za rangi zilikuwa zikivujisha miale ya eksirei kupita kiasi, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikapitisha sheria ya kudhibiti. Tatizo hilo lilirekebishwa muda mrefu kabla TV game haijafika Nkubu. Kukaa karibu huchosha macho na kuyakausha, kwa sababu anayekodoa hupepesa kope mara chache. Hakupofushi.

Lakini mzazi aliyemalizia kwa "toka nje ukacheze" alikuwa ametoa dawa sahihi bila kujua. Guangzhou, China, watafiti waligawa shule 12 mafungu mawili. Fungu moja likaongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 katika fungu hilo na asilimia 39.5 katika lile jingine. Matokeo yalichapishwa 2015. Mwanga wa jua husaidia jicho la mtoto kukua sawasawa.

Kwenye macho kuna dai jirani ambalo sitaki kulipita: kwamba gemu huleta kifafa. UONGO kama chanzo, KWELI kama kichocheo kwa wachache. Takriban watu 3 kati ya 100 wenye kifafa huweza kushtuliwa na mwanga unaomweka. Japani, tarehe 16 Desemba 1997, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon chenye mimweko ya rangi kilipeleka watoto zaidi ya 600 hospitalini. Mtoto akianguka mbele ya skrini, asipelekwe kwa mganga na kisanduku kisichomwe. Apelekwe hospitali, kifafa kina dawa.

"Mtoto wa gemu atafeli, na akifeli atakuwa mwizi."

NUSU KWELI. Nitaanza na nusu ya uongo.

Wizi na ukatili: mwaka 2019 watafiti wa Oxford na Cardiff, Andrew Przybylski na Netta Weinstein, waliwapima vijana wa Uingereza wapatao 1,000, wakiangalia gemu wanazocheza na tabia zao kama wazazi wanavyoziona. Hawakupata uhusiano kati ya gemu za vita na ukali wa tabia. Kama watoto wa Contra wangegeuka majambazi, Meru nzima ya umri wangu ingekuwa jela, wakiwemo madaktari na angalau mapadri wawili ninaowajua.

Nusu ya kweli inauma. Mwaka 2010 Robert Weis na Brittany Cerankosky wa Marekani walichukua wavulana 64 wa miaka 6 hadi 9, ambao kwao hakukuwa na mashine ya gemu. Nusu yao, kwa kupiga kura, walipewa PlayStation 2 papo hapo. Wengine waliambiwa watapewa baada ya miezi minne. Miezi ilipokwisha, waliopewa mapema walikuwa na alama za chini za kusoma na kuandika. Akili zao hazikuwa zimeharibika. Walikuwa wamecheza katika saa ambazo wenzao walifanya kazi za shule, basi. Shirika la Afya Duniani nalo limeutambua ugonjwa wa kutawaliwa na gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, ingawa kwa vigezo vikali: mtu awe ameshindwa kujizuia hadi shule, kazi na jamaa zake vimeharibika, kwa kawaida kwa mwaka mzima au zaidi.

Kwa hiyo mzazi aliyefungia padi kabatini Jumatatu hadi Ijumaa, akazitoa Jumamosi baada ya ng'ombe kukatiwa majani, alikuwa na sera nzuri kuliko wizara nyingi. Aliyekivunja kisanduku kwa jembe alizidisha.

"Dijitali ilipokuja, TV game ikafa."

UONGO, na uongo huu umefanya visanduku vizima vitupwe.

Kenya ilipozima mitambo ya analogi mwaka 2015, kilichozimwa ni matangazo kutoka kwenye minara. Kipokezi cha analogi ndani ya runinga yako hakikuguswa na mtu. TV game hutoa mawimbi yake yenyewe, hayapiti hewani, yanapita kwenye waya wa mita moja hadi kwenye tundu la antena. Kwa runinga hiyo, kisanduku ni stesheni ndogo ya analogi iliyo chini ya meza. Hata Nintendo haikuiona mashine hii kuwa imekufa mapema: iliendelea kuunda Famicom hadi mwaka 2003, miaka 20 baada ya ile ya kwanza.

Ukikipata chako darini, tafuta runinga ya mgongo, chomoa waya wa dikoda, chomeka wa gemu, kisha zungusha chaneli polepole hadi picha itulie. Runinga nyingi za kisasa pia zitakikubali, ama kwa tundu hilohilo ama kwa matundu ya AV, ila bunduki utaiacha. Na ule mkaratusi wa antena juu ya paa hauhusiki kwa lolote. Ushushe kabla ya masika.